Wimbo wa Kupakia Nguzo

Jumamosi, saa kumi jioni.

Wanaume wanne walijifungia katika chumba cha nyuma cha duka la mshona nguo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Emery akatandaza mfuko mtupu wa saruji mezani na kuchora kwa mkaa. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na mdomo wake ulikuwa mtamu kuliko ulivyostahili.

"Biharwe. Hii nyumba ya maabara ya serikali," akasema. "Kontrakta amesimika nguzo za chuma, zinashikilia beto, zege la juu, mpaka likauke. Chuma mupya. Kesho batu bote bako ku kanisa. Tunaingia mchana kweupe na kofia za kazi, kama bafundi."

"Na mlinzi?" Huyo alikuwa Vénant, Mrundi mwenye lori.

"Amesha kunywa chai yetu."

Thaddée alikuwa amejenga pale mpaka juzi, kontrakta alipopunguza watu. Akaweka kidole kwenye mchoro. "Kushoto, sawa, beto imekauka. Kuume, hapana. Tulimwaga juzi ile ile. Ukitoa nguzo, inakushukia ku kichwa."

"Sawa, fundi," Emery akasema. "Kushoto tu."

Thaddée hakutaka wizi, jamani. Alikuja kwa sababu ya Pacifique, mdogo wake, mtu mzima mwenye ndevu lakini asiyejua kumkatalia mtu. Walipokimbia vita kule Uvira, mama yao alimshika Thaddée shati na kumwambia: huyu umfikishe. Mama hakufika. Emery alipomnasa Pacifique kwa maneno yake, Thaddée alimkanya wee, akachoka, akaona heri aende naye.

"Usiogope, yaya," Pacifique akamwambia wakitoka. Ndivyo kwao mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa.

Jumapili, saa nne asubuhi.

Geti lilikuwa wazi. Pacifique aliingia chini ya zege kulegeza nguzo, Emery akiwa naye. Thaddée alizipokea mlangoni, Vénant akazipanga kwenye lori. Kazi ilikwenda kimya.

Thaddée aliupenda ukimya huo. Mafundi wa Nakivale wana mwiko wao. Siku ya kumwaga zege, imba mpaka koo likauke. Siku ya kutoa nguzo, hakuna anayeimba, kwa maana zege hulia kidogo kabla ya kushuka, na fundi huishi kwa kulisikia.

Saa nne na nusu.

Ng'ambo ya barabara, mama mmoja aliyekuwa akipanga mikungu ya ndizi aliacha kazi yake. Akasimama kuwatazama.

"Anatuangalia," Vénant akasema. "Bafundi gani banafanya kazi kama banazika mutu? Imba."

"Leo hapana."

"Imba, Thaddée. Ama aite polisi."

Thaddée akamtazama yule mama. Upande wa kushoto umekauka, akajiambia, hauna neno. Akaanza wimbo mmoja wa kwaya yao ya kanisani, na kutoka ndani Pacifique akamwitikia kwa sauti yake nzito ya pili, sauti iliyojaza jengo zima. Mama akarudi kwenye ndizi zake.

Ubeti wa tatu, nguzo iliyofika mikononi mwa Thaddée ilikuwa na zege bichi kichwani, lenye unyevu bado, la rangi ya majivu. Halikuwa zege la kushoto.

"Hii imetoka fasi gani, upande gani?"

Vénant hakumtazama. "Emery alimwambia Pacifique kwamba umekubali na kuume."

"Pacifique! Toka!"

Lakini Pacifique alikuwa katikati ya kiitikio, akiimba kwa raha. Zege lililia. Thaddée alilisikia, kwa kuchelewa. Emery akatoka mbio. Kisha upande wote wa kuume ukashuka, na vumbi likafunika kila kitu.

"Endesha," Emery akasema, akiruka ndani ya lori.

"Na mutu wetu?"

"Vénant, endesha."

Lori likaondoka.

Saa tano kasoro.

Thaddée angeweza kukimbia. Badala yake ndiye aliyemwita yule mama, naye mama akawaita watu na polisi. Polisi walimkuta akichimba, vidole vinatoka damu, analia kama mtoto bila kujificha.

"Wewe ni mwizi ama ni fundi hapa?" afande akauliza.

"Mi ni yaya yake."

"Ya nani?"

Akaonyesha chini. "Afande, ambia batu banyamaze. Nisikilize."

Watu wakanyamaza. Thaddée akalaza sikio kwenye zege na kuimba ule mstari wa kwanza, polepole, akaacha nafasi ya sauti ya pili. Akangoja. Akauimba tena, akangoja zaidi. Yule mama wa ndizi alianza kulia.

Mara ya tatu hakuimba. Alipangusa vumbi pale alipokuwa amelaza sikio, akanyoosha mikono afungwe pingu.