Jina la Saba

Chelagat alirudisha rekodi nyuma mara ya nne, akabana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili. Sauti ya Wamalwa ilitaja jina la mwisho. Kikapita kimya kifupi. Halafu mwanamke akajibu, bila haraka, kama mtu aliyeitwa akiwa jikoni na mikono yake bado ina unga.

"Nakuja."

Chelagat alivua hedifoni, akaziweka mezani polepole. Ilikuwa saa nne asubuhi. Chini barabarani watu wa mtaa wa Rhonda walikuwa wakinunua misumari na mabati kama siku yoyote. Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia kelele, na jana yake waliokuwa ndani ni watu wawili tu: Wamalwa mbele ya maiki, na yeye Chelagat kwenye kompyuta, mdomo wake umefungwa.

Kazi yao ilikuwa kutia Kiswahili katika anime, zile katuni za Kijapani. Chelagat alitafsiri, Wamalwa akaigiza sauti za wanaume wote. Mwaka huo walikuwa na mfululizo mmoja mrefu wa wafalme, mapanga na mazimwi, na ndani yake kulikuwa na mchawi mmoja, Yomigara, ambaye kazi yake ilikuwa kuamsha wafu. Hakuwa shujaa wa hadithi, lakini vijana wa Nakuru walimpenda kuliko shujaa mwenyewe, kwa sababu ya sauti ya Wamalwa. Alikuwa mtu mpole, mwimba besi kwenye kwaya ya kanisa, lakini akifika kwa Yomigara alishusha sauti mpaka glasi ya maji ikatetemeka. Watu wa boda boda wakimwona walipiga kelele, "Yomigara! Amsha wafu, boss!" Naye alicheka tu na kupunga mkono.

Katika sehemu waliyorekodi jana, Yomigara alisimama kwenye uwanja wa vita, akaita wafu saba kwa majina. Sita walikuwa wanajeshi. Wa saba alikuwa mke wake. Chelagat alikuwa ametunga majina yote saba mwenyewe, mepesi kutamka. Wamalwa akasoma sita vizuri. Kwa la saba alifumba macho, akaacha karatasi ianguke.

"Amka," alisema. "Udongo si nyumba yako. Njoo kwangu, Eucabeth."

Eucabeth alikuwa mke wa Wamalwa mwenyewe. Alikuwa amefariki hospitalini miezi kumi na minne iliyopita, akazikwa kwenye makaburi ya mji. Chelagat angeweza kusimamisha rekodi. Lakini aliona chozi likishuka mpaka kwenye ndevu za rafiki yake, akamwachia.

Wamalwa alipofika kazini, Chelagat alimpa hedifoni bila salamu.

"Wama, sikiza hii. Niambie kama ni mimi nimechoka."

Alisikiliza mara moja tu. Akavua hedifoni.

"Ni yeye," alinong'ona.

"Ni nani?"

"Chela, hivyo ndivyo alikuwa anajibu. Ukimwita hata kama yuko mbali, anasema tu 'nakuja'. Ni yeye kabisa."

"Basi nafuta."

"Usifute." Alimshika mkono. "Nakuomba. Usifute."

Hakufuta. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Jioni hiyo Wamalwa alimkuta binti yake, Nerima, akiandika kazi ya shule kwenye kochi. Alikuwa na miaka saba. Kila siku alitoka shule saa tisa na nusu na kushinda kwa jirani, Mama Trizah, mpaka baba yake arudi. Lakini leo alikuwa kwao, mlango umeegeshwa tu, na nywele zake, ambazo asubuhi zilikuwa zimetimka, zilikuwa zimesukwa matuta membamba yaliyonyooka.

"Umependeza! Mama Trizah amekusuka?"

"Hapana. Ni mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu." Nerima hakuinua kichwa. "Amerudi kutoka Saudia."

Wamalwa alikaa chini. Eucabeth alipokufa, mtoto alikuwa na miaka mitano na alikuwa amepelekwa kwa jamaa Subukia mpaka mazishi yakaisha. Aliporudi akauliza mama yuko wapi, na baba yake akashindwa. Akasema mama ameenda kufanya kazi Saudia. Alidhani atamwambia ukweli wiki ijayo. Wiki zikawa miezi, na wapangaji wote wa plot wakajifunza kunyamaza.

Alimvuta mtoto karibu, akagusa kichwa chake. Katikati ya matuta, kwenye ngozi, kulikuwa na mistari ya udongo mweusi uliolowa. Ulinuka kama shimo lililochimbwa baada ya mvua, na juu ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya maua yaliyokaa kwenye ndoo mpaka maji yakaoza.

"Mikono yake iko aje?" aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza hivyo.

"Baridi," alisema Nerima.

Mama Trizah alikuwa akianua nguo uani. Alipomwona alikuja mbio, akashusha sauti.

"Baba Nerima, samahani, sitaki kuingilia. Nani yuko kwako mchana? Leo mtoto alikataa kuingia kwangu, akasema ameitwa nyumbani. Nikasikia mwanamke anaimba huko ndani kupitia ukuta. Nilidhani ni dadako. Lakini wimbo wenyewe..." Alitazama nyuma. "Ni ule Eucabeth alikuwa anaimba akifua. Na alikuwa anauimba kwa kurudi nyuma, kutoka mwisho kuja mwanzo. Mimi nilitoka hapa nikaenda kusimama barabarani."

Kesho yake Wamalwa hakwenda kazini. Alikaa nje, kwenye kiosk iliyotazamana na geti la plot, akingoja. Alimwona Nerima akiingia na begi lake saa tisa na dakika arobaini, akimpita Mama Trizah bila kumsalimia. Alihesabu pumzi zake kumi, akavuka, akatembea kwenye uchochoro wa milango ya bluu ya wapangaji hadi mlango wake, na pale akasimama, kwa sababu ndani kulikuwa na sauti mbili, ya mtoto akieleza habari za mwalimu na ya mwanamke akisema "eeh" na "kisha", taratibu, kwa namna ile ile ambayo Eucabeth alikuwa akisikiliza habari za watu huku akifanya kazi nyingine, na moyo wa Wamalwa, badala ya kukimbia, ulifanya kitu kibaya zaidi, ulifurahi.

Akasukuma mlango. Jua la alasiri liliingia naye na kufika katikati ya chumba, na pale katikati likakoma, kama lililofika ukutani ingawa hapakuwa na ukuta, na kwenye ule upande usio na jua Nerima alikuwa ameketi kwenye kigoda akimtazama, na nyuma yake kitandani alikuwa ameketi mwanamke aliyevaa gauni la zambarau ambalo Wamalwa mwenyewe alilipeleka mochari likiwa limekunjwa kwenye karatasi, kichwa kimeinama, uso hauonekani, vidole vikienda na kurudi kwenye nywele za mtoto, upesi, upesi mno, vidole ambavyo vilikuwa na pingili moja zaidi ya vidole vya watu.

"Baba Nerima," alisema mwanamke. "Leo umewahi."

"Eucabeth?"

"Funga mlango. Mtoto ataingiwa na baridi."

Wamalwa alikuwa ameshika komeo. Kidogo tu angefunga. Alisema baadaye kwamba kilichomzuia ni macho ya Nerima, ambayo hayakuwa ya mtoto anayesukwa na mama yake. Yalikuwa ya mtoto aliyekaa kimya sana ili mbwa asimwume.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Vidole vikakoma. Na kile kitu kikamjibu kwa sauti nzito, ya chini, iliyotetemesha vikombe kwenye kabati. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti ya Yomigara.

"Uliniita."

Alimnyakua mtoto kwa mkono mmoja, akatoka mbio bila viatu, na nyuma yake hakukuwa na kishindo wala kelele, ila ule wimbo ukianza tena taratibu kutoka mwisho wake.

Walilala kwa Chelagat. Yeye ndiye aliyempigia simu shangazi yake, Cheruto, mkulima wa Subukia mwenye ng'ombe sita, ambaye watu wa bonde lile walimfuata kwa maombi ya namna hii. Cheruto alifika asubuhi akiwa na gamboti zake, viatu vya mpira vya zizini, ametoka kukamua. Alikunywa chai yote kwanza, akisikiliza, bila kukatiza.

"Mtu amekufa haitiki," alisema mwishowe. "Huyo bibi yako amepumzika, usimsumbue kwa mawazo. Hilo ni jini. Majini yako mengi, yanasikiza. Likisikia jina linaitwa, na mwenye jina hayuko, linalivaa kama nguo."

"Nilikuwa naigiza tu, mama," alisema Wamalwa.

"Majina sita ulikuwa unaigiza. Hilo la saba ulikuwa unaita." Alimgeukia polepole. "Mtoto anajua mama yake alikufa?"

Wamalwa alitikisa kichwa. Chelagat akatazama sakafu.

"Basi ndiyo hiyo. Wewe ulilipa jina, yeye analifungulia mlango. Kila siku anakaribisha mama yake, na hana makosa. Naweza kuomba hapa mpaka mwaka uishe. Kama mtoto bado anangoja mtu wa kutoka Saudia, litaingia."

"Nitamwambia leo. Hapa hapa."

"Hapana. Utamwambia mbele ya hilo jini. Lisikie likikataliwa."

Saa tisa na nusu walikuwa uani, wanne: Cheruto mbele na Biblia yake iliyofungwa kwa mpira, Chelagat, na Wamalwa akiwa amembeba Nerima. Mama Trizah alikuwa amewatoa watoto wote wa plot. Mlango ulikuwa wazi vile walivyouacha. Harufu iliwapokea hatua kumi kabla ya kufika, ya udongo na maua yaliyooza, na Chelagat alitapika kando ya mfereji, akajifuta, akaingia pamoja nao.

Lilikuwa limekaa palepale. Safari hii liliinua kichwa. Hakuna kati yao aliyekubali baadaye kueleza uso ule, ila Chelagat alisema ulikuwa uso wa Eucabeth kama mtu angeutengeneza kwa kusimuliwa tu, bila kuwahi kuuona.

"Sema," Cheruto alinong'ona. "Kwa sauti yako. Usiigize."

Wamalwa alipiga magoti, akamweka mtoto mbele yake. Sauti yake, ile sauti ya kutetemesha glasi, ilitoka nyembamba kama uzi.

"Nerima, mama hakwenda Saudia."

"Baba Nerima," kitu kile kikasema kwa sauti ya mkewe, tamu, yenye kusihi. "Usimwumize mtoto. Nimerudi. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Mama aliugua. Nilimpeleka hospitali, na madaktari wakajaribu."

"Nitapika. Nitamsuka. Wewe utarudi jioni utanikuta, kila jioni, na hakuna mtu atakuuliza kitu, na utalala, Baba Nerima, si hujalala mwaka mzima?"

Wamalwa alilia kwa sauti. Cheruto alimshika bega kwa mkono wake wa kukamua, kwa nguvu, mpaka kucha zikaingia.

"Mama alikufa," alisema Wamalwa. "Alikufa, mwanangu, na nilikudanganya. Alikufa siku ya Jumanne nikiwa nimemshika mkono. Huyu si yeye. Eucabeth amekufa."

Nerima hakulia. Aligeuka, akakitazama kile kitu kitandani kwa muda mrefu. Halafu akasema, kwa adabu, kama anayemtoa mgeni, "Enda."

Cheruto akaanza kuomba kwa Kikalenjini, kwa sauti ya juu, na chumba kikajaa upepo usiogusa pazia. Matuta kichwani mwa Nerima yalianza kufumuka yenyewe, moja baada ya jingine, udongo ukimwagika mabegani mwake, na kitu kile kikafumuka pamoja nayo, gauni, vidole, uso, kikiita kwa sauti ya Eucabeth, kisha ya Yomigara, kisha kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu, mpaka tuta la mwisho likaachia na jua likavuka katikati ya chumba na kufika kitandani. Shuka ilikuwa imelowa.

Hapo ndipo mtoto alipolia, na alilia mpaka jua likazama.

Chelagat alifuta rekodi ile usiku huo huo, na Wamalwa hakumwigiza Yomigara tena. Jumapili, baada ya ibada, alimpeleka Nerima makaburini, akamwonyesha msalaba wenye jina la mama yake. Cheruto, aliyekuwa amebaki mjini hadi siku hiyo, alisimama nyuma yao na gamboti zake. Nerima alisoma jina kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Mi nilijua si yeye," alisema.

"Ulijua?" Wamalwa aliinama. "Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Mama hakuwa anaimba hivyo." Alipangusa vumbi kwenye msalaba. "Lakini huyo alikuwa anakuja."

Wamalwa alimkumbatia. Mtoto akaongea kwenye shati lake, kwa sauti ndogo.

"Aliniambia jina lake. Lile lake mwenyewe. Alisema nikikaa peke yangu sana, niite tu, atakuja."

"Usilitaje!" Cheruto alikuwa amewafikia kwa hatua mbili. "Usilitaje hapa, usilitaje popote. Umesikia? Lisahau."

Nerima alifunga mdomo wake, akaitikia kwa kichwa.

Hajalitaja mpaka leo. Anasoma vizuri, anacheza na watoto wa plot, na Mama Trizah ndiye anayemsuka. Lakini kuna alasiri nyingine, baba yake akichelewa na mvua ikikaribia kutoka upande wa mlima Menengai, Mama Trizah humkuta ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, mgongo kwa kitanda, macho mlangoni. Kitabu kimefungwa. Midomo yake inatembea polepole, bila sauti, kama mtoto anayerudia jambo asije akalisahau.