Waliuombea Mgongo Usiouma

Ilikuwa siku ya mapumziko, saa tisa alasiri, na nyumba ya fundi umeme ilikuwa imetulia. Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, aliketi kibarazani akichambua mboga. Binti zao wawili, pacha wa miaka kumi na miwili, walikuwa ndani wakigombania kifutio. Fundi mwenyewe alijinyoosha kwenye mkeka, vifungo vya shati wazi, redio ndogo ikimwimbia sikioni. Ndugu zangu, kama ungepita pale saa ile ungesema nyumba hii imeshushiwa baraka kwa kapu.

Ghafla fundi akaketi.

"Mke wangu, ile swichi niliyoifunga juzi kwa mwalimu, unadhani niliikaza?"

"Uliikaza. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema. Lakini niliikaza, au nilisema tu?"

Mama Pacha akacheka. "Baba Pacha, pumzika. Swichi haina miguu ya kukukimbia."

Hakupumzika. Alilala, akaketi, akalala tena. Akazima redio. Mwishowe alichukua bisibisi, akavaa viatu bila soksi, akatoka. Kwa mwalimu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alirudi jasho limemlowesha, akasema swichi ilikuwa imekazwa vizuri kabisa. Mkewe akampa maji. Kabla hajayamaliza, akaiweka bilauri chini.

"Lakini niliifungua ili niione ndani. Nilipoirudishia, niliikaza?"

Akatoka tena.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyoanza, jamani. Au tuseme hivyo ndivyo mkewe alivyoanza kuuona. Miezi mitatu kabla ya hapo nyumba moja upande wa pili wa soko iliungua kwa hitilafu ya umeme. Fundi huyu hakuwahi hata kuingia katika nyumba ile. Lakini alikwenda kuitazama, akasimama mbele ya kuta nyeusi muda mrefu, na tangu siku ile hakuimaliza kazi yoyote moyoni mwake, hata kama mikono ilikuwa imeimaliza.

Mama Pacha alimpenda mumewe. Lielewe hilo, msomaji, kwa sababu kosa alilofanya lilitoka katika upendo. Kila fundi alipouliza, "Umeona nimezima swichi kubwa?" alijibu, "Nimeona." Akiuliza mara kumi, alijibu mara kumi. Siku moja, alipochoka kujibu, akapata wazo. Akachana karatasi kwenye daftari la pacha, akaandika: *Nimeangalia. Iko salama.* Akatia sahihi chini, Mama Pacha, akampa.

"Ukipata wasiwasi, isome hii."

Fundi aliikunja karatasi kwa uangalifu kama hati ya shamba, akaiweka mfuko wa shati. Siku hiyo alikula akashiba. Mama Pacha alimshukuru Mungu kwa kumfungulia akili.

Siku tatu baadaye karatasi ile haikutosha. Fundi akataka tarehe. Kisha akataka saa. Kisha akataka mkewe aje mwenyewe kwenye nyumba inayojengwa, aione swichi kwa macho, ndipo aandike. Mama Pacha akawa anaacha sufuria jikoni, anafunga kanga, anamfuata mumewe kukagua nyaya ambazo hakuzijua mkia wala kichwa. Mifuko ya fundi ikajaa karatasi. Akitembea, zilikuwa zikilia kama majani makavu.

Kazini nako hakukuwa na heri. Mkandarasi aliyekuwa akimpa kazi alikuwa mtu mwenye maneno mengi na moyo mwepesi, na mwanzoni alifanya mzaha.

"Fundi, wewe unaziaga taa kama mtu anayesafiri. Zitalia bwana!"

Wenzake wakampachika jina, Bwana Marudio. Fundi alitabasamu nao. Lakini kazi ya siku moja ikawa ya siku nne. Chumba alichokifunga nyaya asubuhi alikifumua mchana ili aone kama amekifunga. Wapaka rangi walimngoja, na mwenye nyumba aliyewaita akaanza kupiga simu. Alikuwa fundi hodari kuliko wote pale, hilo hakuna aliyelipinga. Ujuzi wake ulikuwa mzima. Kilichokuwa kimekatika ni ile sauti ndogo ya ndani inayomwambia mtu, basi, imetosha, nenda zako.

Siku moja mkandarasi akaja nyumbani, kofia mkononi, bila mzaha hata mmoja.

"Shemeji," akamwambia Mama Pacha, "mimi sina ugomvi na mumeo. Lakini siwezi. Akae kwanza nyumbani apumzike. Ana nini hasa?"

Hapo ndipo penyewe, ndugu zangu. Mlango wa msaada ulikuwa wazi, na mtu alikuwa amesimama akiuliza kwa nia njema. Mama Pacha alimtazama mumewe, aliyekuwa ameketi ndani akichomeka na kuchomoa pasi kwenye soketi. Akawafikiria binti zake shuleni. Akajiuliza watu watasema nini wakisikia mumewe ameguswa akili.

"Mgongo," akasema. "Mgongo wake unamsumbua. Hawezi hata kupanda ngazi."

Uongo huo ukapita mtaani kwa kasi. Jirani mmoja akaleta dawa ya kuchua. Mwingine akaleta godoro gumu. Katika ibada ya wiki ile Mama Pacha alisimama, akaomba mume wake akumbukwe kwenye maombi kwa ajili ya mgongo. Watu wazima wakafumba macho, wengine wakatoa machozi, wakauombea mgongo usiouma. Mama Pacha alisimama katikati yao. Alitaka kusema kitu. Akasema amina.

Nyumbani hapakukalika. Fundi, kwa kuwa hakuwa na kazi mpya ya kuirudia, alianza kuzirudia za zamani kichwani. Nyumba ya miaka miwili iliyopita. Duka la miaka mitano. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni. Pacha wakajifunza kujibu kabla hajauliza. "Imezimwa, baba." "Imekazwa, baba." Mmoja wao aliacha kuandika kazi za shule, kwa kuwa daftari lake lilikuwa limebaki jalada tu.

Basi, asubuhi moja, yapata saa nne, Mama Pacha alikuwa akifua aliposikia kelele upande wa barabarani. Sauti ya mwanamke: "Mwizi! Mwizi jamani!" Aligeuka kumwangalia mumewe. Mkeka ulikuwa mtupu.

Alikimbia na mapovu mikononi.

Kelele zilitoka saluni, mojawapo ya kazi za zamani za fundi. Mwenye saluni alikuwa amekwenda sokoni kununua mafuta ya nywele, na aliporudi alikuta mlango wa nyuma umefunguliwa. Alipoingia, alisikia kitu kikitambaa juu ya dari. Akapiga yowe, ubao wa dari ukavunjika, na mguu wa mtu ukaning'inia juu ya viti vya wateja, umevaa kiatu bila soksi. Sasa fundi alikuwa nje, ameketi chini kwenye changarawe, uso mweupe kwa vumbi, watu wamemzunguka. Mtu mmoja alikuwa na tofali mkononi.

"Nilikuwa naangalia tu," fundi alisema.

"Ndiyo, wezi wote huangalia kwanza!"

"Subirini, huyu si ndiye mgonjwa wa mgongo? Tuliyemwombea?"

"Mgongo gani unaopanda dari? Kumbe ulikuwa ujanja! Anatutoa machozi, huku anapanga kutuingilia majumbani!"

"Na godoro langu alichukua!"

Unaona, msomaji? Kama wangeambiwa kweli tangu mwanzo, wangeuona mguu ule darini na kusema, maskini, amerudi tena. Lakini walikuwa wameambiwa mgongo. Uongo wa Mama Pacha ndio uliomvika mumewe wizi.

Mtu mmoja aliingiza mkono katika mfuko wa fundi kutafuta alichoiba. Akatoa bunda la karatasi zilizokunjwa. Zikaanguka, nyingine zikapeperuka. Mwenye saluni akaiokota moja, akaisoma kwa sauti, akizidi kupunguza mwendo kadiri alivyosoma: "Nimeangalia swichi ya saluni. Iko salama. Mama Pacha." Akaokota nyingine. Ilikuwa ileile. Na nyingine.

Wote wakageuka wakamtazama Mama Pacha.

Uongo mwingine ulimjia mdomoni. Angeweza kusema fundi aliitwa kazini, lakini mwenye saluni alikuwa amesimama pale pale. Mwenye tofali alisogea hatua moja. Mama Pacha akapiga moyo konde, akaenda kuketi kwenye changarawe ile ile kando ya mumewe, mwili wake ukiwa kati ya tofali na kichwa cha mumewe.

"Mgongo wake ni mzima," akasema. "Haujawahi kumuuma hata siku moja. Niliwadanganya. Niliwadanganya mbele ya Mungu kwenye ibada. Mume wangu ni mgonjwa wa akili. Akikaza skrubu hawezi kuamini kama ameikaza. Amekuja kuangalia umeme wako, dada, usije ukaungua. Hana kingine."

Fundi alianza kulia, polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakujua kama kuna mwingine anayeuona.

"Sasa dari yangu?" mwenye saluni akasema. Kisha akajifuta uso kwa upindo wa gauni. "Dari mtaitengeneza. Lakini we kaka, weka hilo tofali chini. Mtu huyu anapelekwa hospitali, hapelekwi polisi. Nami nakwenda nao."

Hospitalini walimkuta muuguzi wa kitengo cha afya ya akili, mama mmoja mnene asiye na haraka. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho. Akasema ugonjwa huu unajulikana, una dawa, na una mazoezi yake. Kisha akamgeukia Mama Pacha.

"Kwa siku anakuuliza mara ngapi?"

"Hazihesabiki."

"Na unamjibu?"

"Namjibu kila anapouliza. Namwandikia na karatasi."

"Basi mama yangu, kila jibu unalompa ni chakula cha ugonjwa. Ugonjwa unashiba, unalala kidogo, unaamka na njaa kubwa zaidi."

Mama Pacha aliinamisha kichwa. Akauliza kama basi aache na kumwombea.

"Nani kasema? Omba," muuguzi akajibu. "Ila umtajie Mungu ugonjwa wenyewe, si mgongo."

Nisiwadanganye, ndugu zangu, kupona hakukuwa kama kuwasha taa. Fundi alikunywa dawa, na kila wiki alikwenda kukaa na muuguzi akifundishwa kuangalia mara moja na kuondoka huku moyo ukimpiga. Nyumbani mke na watoto walikatazwa kujibu. Wiki ya kwanza fundi alimwita mkewe katili. Wiki ya pili alipiga magoti kumsihi amwambie mara moja tu, ya mwisho, kama amezima jiko. Mama Pacha aliingia chumbani, akauma kanga, asije akajibu. Kwa muda wa miezi nyumba ile ilikuwa kama mtu aliyekalia mwiba.

Mwezi wa sita wa matibabu mkandarasi alimrudisha, kwa nusu siku kwanza. Asubuhi ile Mama Pacha alimsindikiza hadi kwenye nyumba inayojengwa, akabaki nje ya uzio. Aliwaona mafundi wamekusanyika wakinywa chai, akamwona mumewe akisimama mbele yao bila kuketi.

"Jamani, kabla hamjaniita Bwana Marudio," akasema, "nina ugonjwa. Unaniambia sijakaza wakati nimekaza. Ninaunywea dawa. Nikimaliza chumba nitaangalia mara moja. Mkiniona narudi mara ya pili, nizuieni. Nitakasirika. Nizuieni hivyo hivyo."

Wakatazamana. Mkandarasi akakohoa. "Na wewe utuzuie sisi tusiokagua hata hiyo mara moja," akasema, na kicheko kikatoka, safari hii na fundi akiwa ndani yake.

Saa sita alimaliza soketi mbili za jikoni. Akaangalia mara moja. Akatoka, akafika mlangoni, akasimama. Mama Pacha alimwona mabega yakigeuka nusu. Mpaka rangi mmoja aliyekuwa akingoja na ndoo yake akaingia kati ya fundi na jiko, akaujaza mlango.

"Fundi," akasema kwa upole, "hapa sasa ni pangu."

Fundi alisimama hivyo kwa muda ambao mkewe aliuona mrefu kama mfungo. Kisha akaokota mkoba wake wa vifaa, akaingia chumba kilichofuata.

FUNZO

Ndugu zangu, ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Huweza kumwachia mtu ujuzi wake wote na nguvu zake zote, lakini ukamnyang'anya kazi mikononi. Tusimwite mvivu, wala tusimfanye kichekesho. Tumpeleke anakotibiwa mapema, kabla watu wasiojua hawajamkuta mahali asipopaswa kuwa.

Na sisi tunaowapenda wagonjwa, tujihadhari na huruma inayoficha. Mama Pacha hakumpenda mumewe kidogo. Alimpenda sana, akamfunika, na kifuniko kile nusura kimuue. Enyi waajiri, nusu siku na maneno ya kweli vilimrudisha fundi hodari kazini, na mkandarasi hakupoteza kitu.

Ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, usiombe kwa jina la kiungo kingine. Simama uutaje ugonjwa wenyewe. Huenda aliyeketi mbele yako ibadani anauficha ule ule, naye anangoja mtu wa kwanza kusema.