Gauni la Naliaka Ndani ya Gari la Bwana Mapema

Gauni la mke wangu lilikuwa mwilini mwa mke wa nyapara!

Tena ameketi ndani ya gari... mahali pa mke wangu!

Nilisimama na sufuria mkononi, mdomo wazi kama shimo la Menengai.

"Adero! Naliaka yuko wapi?"

Akainamisha macho.

"Shemeji, ingia tuende."

"Nimekuuliza mke wangu yuko wapi!"

Bwana akapiga honi.

"Masinde! Hapana maneno mingi! Ingia gari!"

Nyinyi mnaosoma, kaeni chini kwanza. Mimi nina miaka tisini na kitu. Shule niliachia darasa la pili, na hii simu naiandika kwa kidole kimoja. Lakini kila nikisikia watu wa Nakuru wanapanga kwenda Pwani msimu wa bei rahisi, roho inaniuma. Leo nasema.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano. Hiyo Kiamunyi yenu ya hapa Nakuru, ya maploti na mageti, ilikuwa shamba la mzungu, ngano mpaka macho yachoke. Tulimwita Bwana Mapema, kwa sababu kila kitu kwake kilikuwa "Mapema! Mapema!"

Mimi nilikuwa mpishi wake. Naliaka wangu alikuwa yaya wa watoto wake wawili.

Nyapara alikuwa Wamalwa, mtu wa kwetu kabisa, Kimilili. Mkewe Adero alikamua ng'ombe. Nyumba zetu zilitazamana mlango kwa mlango.

Sasa, safari ilipangwa mezani, mimi nikigawa supu. Mpishi husikia hata akiwa amegeuka.

Memsahib, mke wa Bwana, alitandaza ramani juu ya kitambaa changu safi. Akasema Disemba Pwani inajaa wazungu mpaka unakosa pa kukanyaga. Agosti ni watoto wa shule. Lakini Oktoba, kabla ngano haijaiva, nyumba inakodishwa nusu ya bei na hakuna kelele.

Bwana akataka upande wa kaskazini, mbele ya Kilifi, kule ufuo ni mawe matupu. Ati samaki wakubwa hukaa kwenye mawe.

Halafu akanigeukia.

"Wewe kuja, pika. Naliaka kuja, chunga toto."

Weee! Nilikimbia nyumbani na aproni shingoni!

Naliaka hakuwa ameona maji makubwa kuliko ziwa letu la ndege. Alikaa kitako, akacheka peke yake.

"Mpishi, ni kweli bahari ni chumvi?"

"Wanasema."

"Yote?"

"Yote."

"Nani aliitia?"

"Muulize padri."

"Padri mwenyewe hajafika!"

Tangu siku hiyo hakukuwa na hadithi nyingine. Akatafuta chupa ya sosi, akaisugua na majivu mpaka ikang'aa. Siku hizo ukienda Pwani lazima urudi na maji ya bahari, watu waonje. Ukirudi mkono mtupu unaitwa mwongo mpaka ufe.

Alipanga nani ataonja kwanza. Alipanga blanketi, alipanga leso ya kufunga kichwa kwa upepo. Lile gauni jeupe la uyaya alilipiga pasi ya makaa mara mbili, akalining'iniza ukutani kama picha ya mtakatifu.

Haya... ndiyo hilo gauni nikalikuta mwilini mwa Adero asubuhi ya safari!

"Memsahib, kwa nini?"

"Naliaka nakohoa," akasema bila kuniangalia. "Hapana taka kifua karibu na toto."

"Mke wangu hakohoi!"

"Mimi nasikia nakohoa."

Amesikia kwa nani? Nikatupa macho getini. Wamalwa amesimama pale, kofia mkononi, anatazama vidole vya miguu yake.

Nikajua. Fitina ni ya nyapara! Mtu wa kwetu!

Nikakimbia nyumbani. Naliaka ameketi kwenye kigoda, macho makavu.

"Nani amesema unakohoa?"

Akanipa chupa.

"Nenda, mpishi. Uniletee."

"Siendi!"

"Usipoenda tutalala wapi? Nyumba ni ya bwana. Nenda, gari litakuacha."

Ni kweli. Ukikataa kazi, jua halizami na wewe uko shambani. Nikaenda.

Tukapita mjini. Tukapita mbele ya hospitali, karibu sana, nikawaona wagonjwa wakiota jua. Adero akageuza uso dirishani, akaziba mdomo na leso.

Sikufikiria kitu. Hasira ilikuwa imenifunga macho.

Kule Pwani, haki ya Mungu, sijaona mahali pakali vile. Mawe meusi yenye meno, ukianguka unainuka huna ngozi. Mawimbi yanapiga mpaka nyumba inatetemeka. Nyumba za jirani zote zimefungwa, hakuna mtu, ni sisi na upepo.

Siku moja nikamkuta Adero amejikunja nyuma ya mawe, anakohoa. Leso ina damu.

"Adero... kumbe ni wewe!"

"Shemeji, usiseme. Walituambia upepo wa bahari unatibu kifua."

"Ndiyo mkamtoa mke wangu kwa uongo!"

Akalia tu. 

Sikusema. Lakini damu haifichiki. Memsahib aliiona kwenye gauni, akapiga kelele mpaka ndege wakaruka. Saa hiyo hiyo watoto wakatiwa garini, mbio Mombasa kwa daktari!

"Na Adero, bwana?" nikauliza.

"Yeye iko nguvu. Yeye baki hapa."

Daktari akawapima watoto, wako sawa. Adero hakupimwa na mtu. Kurudi Nakuru alikaa nyuma na masanduku, upepo na vumbi, kama kuku wa sokoni.

Kule Mtito, katikati ya safari, gari likachemka. Maji yameisha. Bwana akaona chupa yangu katikati ya magoti.

"Leta."

"Bwana, hii ni ya mke wangu! Ni maji ya bahari!"

"Maji ni maji."

Akaimwaga yote kwenye rejeta. Chupa ikanirudia tupu.

 Nikajiambia, angalau Naliaka nitamkuta.

Nikakuta mlango umefungwa kwa waya.

Wamalwa akaja pole pole.

"Ndugu yangu... memsahib aliacha amri. Mkipinda tu kona, mwenye kifua apakiwe lori arudishwe kwao."

Sikungoja amalize. Nilimrukia! Nikampiga mpaka kofia ikaruka. Hakuinua mkono.

"Nipige, Masinde. Lakini si mimi niliyesema. Muulize mkeo."

"Mwongo!"

Bwana Mapema akatokea na bunduki.

"Toka shamba langu! Mapema!"

Nilifika Kimilili na nguo nilizovaa na ile chupa. Naliaka alikuwa kwa mama yake, anapalilia. Mzima kama chuma! Nikamweleza yote. Akaweka jembe chini.

"Wamalwa hana kosa."

"Nini?"

"Adero alikuwa anakohoa kila alfajiri akikamua. Nilikuwa namsikia. Akaniambia bahari inatibu. Sasa nifanye nini, mpishi? Kiti ni kimoja. Nilikohoa mbele ya memsahib makusudi. Gauni nilimvalisha mimi mwenyewe."



"Na hukuniambia!"

"Ungekubali?"

Nikamtolea ile chupa tupu.

"Nilijua nitakosa safari tu," akasema. "Sikujua kukohoa mara mbili kunafukuzisha mtu."

Akaichukua chupa, akaiangalia kwa jua. Ndani, karibu na mdomo, chumvi ilikuwa imekauka, nyeupe. Akaingiza kidole, akaonja.

Akafumba macho.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Yote."

Naliaka alinitoka mwaka juzi. Bahari hakuiona hata siku moja.

Adero hakufika Krismasi ya mwaka ule ule. Upepo haukutibu chochote. Na Wamalwa alikuja kuniambia mwenyewe, akilia kama mtoto: walimpeleka hospitali mwishoni kabisa, na daktari akauliza kwa nini hakuletwa mapema, dawa ilikuwepo.

Mapema! Neno la bwana mwenyewe!

Kwa hivyo msiniambie mambo ya kusamehe. Mke wangu alisema uongo mmoja wa huruma, na wakubwa hawakuuliza hata swali moja. Walipanga msimu, wakapanga nyumba, wakapanga maziwa ya mkebe ya watoto. Gari lilipita mlangoni mwa hospitali na mgonjwa ndani, hakuna aliyepanga kusimama.

Na hawa wa sasa wenye viti vikubwa, walibadilisha bendera tu. Bado wanapita na madirisha yamefungwa.

Funzo ni hili: mtu wako akikohoa, usingoje mkubwa aone damu. Shukeni kwenye gari, hata mkitembea. Safari ya Pwani itakungoja. Kifua hakingoji.

Ile chupa ninayo. Sijawahi kuiosha.