Usingizi wa Kuazima

Kumwamsha Pono ilikuwa kazi ya watu wawili. Mama yake, mshonaji aliyekuwa na cherehani yake pale pale sebuleni, alianza kwa kuita. Akishindwa, kaka yake aliingia na kitambaa chenye maji baridi akampangusa usoni. Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Pono, jina la samaki anayesifika kwa usingizi, na jina lake la darasani likabaki huko huko darasani.

"Wewe, siku nyumba ikiungua utaamkia majivuni," kaka alimtania.

"Niite kwa chai uone kama sitaamka," Pono alijibu, macho bado ameyafumba.

Kaka huyo alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, tena si wa kubahatisha. Timu yake ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano makubwa ya ng'ambo, na kocha alikuwa amempa kila mkimbiaji bangili ya mpira yenye kifaa kidogo ndani yake. Bangili hiyo ilivaliwa kitandani. Ilisoma kama mwili umetulia au unagaagaa, na asubuhi habari zote zilionekana kwenye kompyuta ya kocha. Aliyelala vizuri aliongezewa mazoezi. Aliyehangaika alipumzishwa, na akizidi kuhangaika alipelekwa kwa daktari wa timu.

Jioni moja Pono alikuwa akikunja nguo zilizoanuliwa, kaka yake akamwita chumbani na kurudisha mlango.

"Nisaidie jambo moja, mdogo wangu. Vaa hii ukilala."

"Si ya kwako?"

"Ni yangu. Lakini siku hizi sipati usingizi. Mguu unauma."

"Sana?"

"Kidogo tu. Nikilala ndiyo unazidi." Alipapasa mfupa chini ya goti. "Kocha akiona nageukageuka ataniita kwa daktari, na daktari ataniondoa. Nafasi zenyewe za kugombania. Naisubiri safari hii tangu wewe hujaanza shule."

Pono alimpenda kaka yake kupita kiasi. Isitoshe, maisha yake yote alikuwa akichekwa kwa kulala, na sasa usingizi wake ulikuwa umepata kazi. Aliivaa bangili, akalala fofofo kama kawaida yake.

Kocha alifurahi. "Mwili wako ni chuma," alimwambia kaka mbele ya wenzake, akamwongezea mbio za kupanda vilima na mizigo ya kunyanyua. Kila ripoti nzuri ilileta kazi nzito zaidi. Pono alianza kumwona kaka yake akifika langoni akichechemea, kisha akijinyoosha mara tu mama alipoinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Kaka, tumwambie mama," alisema siku moja.

"Bado kidogo tu. Usiniharibie."

Pono alikubali, lakini roho ilimuuma. Kila alipoifunga ile bangili mkononi alijua anafanya jambo baya, na kila mara aliifunga.

Siku ya mchujo, yaani mbio za kuchagua watakaosafiri, Pono na mama yake walikaa karibu kabisa na uwanja. Kaka aliongoza tangu mwanzo. Mama alisimama akapiga vigelegele. Kwenye kona ya mwisho mguu ulikataa, kaka akaanguka, akatoa ukelele ambao Pono hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Rafiki wa kaka kwenye timu, kijana mmoja mwenye pengo la mbele, aliacha mbio zake akambeba.

Hospitalini daktari aliinua picha ya mfupa. "Huu haukuanza kuvunjika leo. Ulikuwa na ufa muda mrefu, leo umekatika kabisa. Kijana huyu amekuwa akiteseka."

"Haiwezekani," kocha alisema. Alikuwa amekunjamana uso. "Alikuwa analala vizuri kuliko wote! Niliona mwili wake unaihimili kazi, nikawapa na wenzake kazi hiyo hiyo."

Kaka alimtazama Pono. Kocha na daktari walipotoka na mama, alimshika mkono.

"Ukisema, nimekwisha. Mguu utapona, lakini timu haimrudishi mwongo."

Pono alitoka akilia. Kwenye benchi la ukumbini alimkuta yule mwenye pengo akisubiri habari. Alikuwa amepandisha suruali, anausugua mfupa chini ya goti, pale pale alipozoea kusugua kaka.

"Unauma?" Pono aliuliza.

"Kidogo tu," kijana alisema, akatabasamu.

Pono alikumbuka maneno ya kocha, kwamba wenzake nao walipewa kazi ile ile. Alimfuata kocha, akamshika shati, akamwambia yote huku kamasi na machozi yakimchuruzika.

Kocha hakufoka. Aliketi, akafunika uso kwa mikono, kisha akapiga simu kusimamisha mazoezi yote na kuagiza kila mkimbiaji apimwe. Yule mwenye pengo alikutwa na ufa mdogo sana, wa kupona kwa kupumzika. Kaka aliondolewa kwenye timu. Daktari alisema atatembea, na huenda atakimbia, lakini kasi ile asiitegemee tena.

Aliporudi nyumbani na magongo, kaka alilala akiutazama ukuta. Hakumsemesha Pono. Alipelekewa chakula, akakipokea kutoka kwa mama tu. Pono alihuzunika mpaka akakonda, na hakuna aliyetaniana na mwenzake katika nyumba ile.

Hatimaye yule mwenye pengo alikuja kumjulia hali. Alisema ameruhusiwa kuanza kukimbia polepole. Alimgeukia Pono akamshukuru, akaondoka. Kaka alilia kwa sauti.

"Njoo, Pono," alisema. "Wewe hukunivunja. Ni mimi niliyekutuma, halafu nikakununia."

Pono alimkumbatia. Mama aliacha kushona, akaja akaketi kati yao.

"Sasa nisikilizeni wote wawili," alisema. "Ile bangili haikukosea. Iliambiwa uongo ikauamini, na kocha akauamini kwa nia njema. Wewe mkubwa, mwili wako ulikuambia ukweli kila siku, ukauficha ili ushinde. Nusura umvunje na mwenzako. Na wewe, mwanangu, ulimpenda kaka yako ukamsaidia kudanganya. Siku nyingine ukimpenda mtu, sema anapoumia, hata akikasirika. Mngenijia ile jioni ya kwanza, kaka yako angekosa mbio hizi tu."

Mama alinyanyuka kurudi kwenye kazi yake. Kaka aliutazama mguu uliofungwa plasta ngumu.

"Mbio hizi tu," alirudia.