Ukurasa Uliofunguka Upesi

Kila siku baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa akipita kwenye lango la kiwanda cha viatu, akiandika jina lake kwenye daftari la wageni, ingawa mlinzi alimjua tangu akibebwa mgongoni, kisha akipanda ngazi hadi ofisini kwa mama yake. Wenzake shuleni walimpachika jina la Kasi. Alifanya kila kitu mbiombio. Hesabu alimaliza kabla wengine hawajafungua daftari, na mara nyingi alikosa nusu yake.

Mama yake alikuwa afisa wa rasilimali watu. Kwa maneno mepesi, mambo yote ya wafanyakazi yalipita mezani kwake: nani aajiriwe, nani aende likizo, nani ana malalamiko. Mafaili yalijaa kabati la chuma mpaka mlango wake ukakataa kufunga. Kasi alifanyia kazi zake za shule kwenye meza ndogo ya pembeni, na akimaliza alimsaidia mama kuchapa hati kwenye kompyuta ya pili.

Kabla ya kupanda ngazi, alikuwa na desturi ya kuchungulia chumba cha gundi. Humo alifanya kazi mwanamke wa makamo ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Gundi. Kwa miaka kumi na sita alipaka gundi kwenye soli za viatu.

"Umekula?" angemwuliza Kasi.

"Nimekula, shangazi."

"Mdomo unasema umekula, macho yanasema bado." Kisha angemkatia kipande cha mkate wake.

Muhula huu brashi ya gundi ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Mama Gundi alikuwa nyumbani, kifua kimembana, na kila Jumatatu alimtuma mtu kuleta cheti cha daktari.

Jumatano moja meneja aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Yule wa gundi hii ni wiki ya sita hayupo," alimwambia mama yake Kasi. "Oda imetukaba koo. Kabla ya saa kumi na moja nataka kujua kama sheria inaniruhusu kumwachisha kazi."

"Nitaangalia, bosi."

"Angalia upesi."

Nje, kwenye benchi, watu watatu walikuwa wakisubiri kufanyiwa usaili. Mama alitazama saa, akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, nifungulie tovuti ya ofisi ya kazi ya serikali. Anwani nimeibandika hapo kwenye kioo cha kompyuta. Tafuta sehemu ya likizo ya ugonjwa, uichape. Hiyo hiyo, si nyingine."

"Sawa, mama."

Mama alitoka kwenda kwenye usaili. Kasi aliandika anwani, akangoja. Tovuti ya ofisi ya kazi ilikuwa nzito kama gogo lililolowa. Kiduara cha kusubiri kilizunguka, kikazunguka tena. Alihesabu hadi mia, kisha uvumilivu ukamwishia. Alifungua dirisha jingine akaandika swali lake kwenye sehemu ya kutafuta. Majibu yakamiminika, na la kwanza lilifunguka kufumba na kufumbua.

Ulikuwa ukurasa wa kuvutia, wenye rangi ya bluu na picha ya watu waliovaa tai wakipeana mikono. Kichwa chake kilisema, "Msaada kwa Maafisa wa Rasilimali Watu." Katikati paliandikwa kwamba mfanyakazi aliyeugua zaidi ya siku thelathini anaweza kuachishwa kazi kwa barua, bila kikao. Chini yake palikuwa na kitufe cha njano cha kupakua barua iliyo tayari. Kasi alikata sehemu hiyo tu, akaichapa pamoja na barua.

Mama aliporudi, meneja alikuwa ameshasimama mlangoni. Mama alichukua karatasi, akasoma, akakunja uso.

"Hii ndiyo ya ofisi ya kazi?"

Kasi alikitazama kile kiduara. Kilikuwa bado kinazunguka.

"Ndiyo, mama."

"Ajabu. Nilidhani muda ni mrefu zaidi."

"Sheria hubadilika," alisema meneja. "Tia sahihi tumalize."

Mama alishika kalamu kwa muda, kisha akatia sahihi.

Ijumaa Kasi alikutana na Mama Gundi kwenye ngazi. Alikuwa amekonda. Kwapani alibana aproni yake iliyokunjwa na kandambili zake za kazini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakumwuliza kama amekula. Aliegemea ukuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Mwambie mama yako kwamba vyeti vyote nilileta. Mwambie hivyo tu."

Akashuka ngazi moja baada ya nyingine, akishikilia reli. Kasi hakuufikisha ujumbe ule.

Wiki iliyofuata, mwalimu wa kompyuta aliandika ubaoni maneno mawili, "Wewe nani?" kisha akaligeukia darasa.

"Mgeni akibisha hodi kwenu, mnamfungulia tu?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi na ukurasa wa intaneti ni mgeni. Uulizeni, nani amekuandika? Umeandikwa lini? Unasema habari za wapi? Na unataka nini kwangu? Ukurasa mwingine hauji kukufundisha, unakuja kukuuzia. Haya, kila mmoja achague ukurasa mmoja auhoji."

Kasi aliutafuta ukurasa wa bluu, ukafunguka upesi kama siku ile. Jina la mwandishi hakuliona popote. Aliteremka hadi chini kabisa, mahali ambapo siku ile hakufika, akakuta maandishi madogo kama sisimizi waliojipanga. Yalisema kwamba maelezo yale yaliandikwa miaka tisa iliyopita, tena kwa ajili ya nchi nyingine, ng'ambo ya bahari. Walioandika walikuwa wauzaji wa barua za kazi.

Akaifungua tovuti ya ofisi ya kazi. Asubuhi ile haikumsumbua. Sheria ilikuwa wazi: mgonjwa mwenye vyeti vya daktari ana haki ya likizo ya miezi sita, na haachishwi kazi kabla ya kuitwa na kusikilizwa.

"Mbona umenyamaza?" mwalimu alimwuliza.

"Ukurasa huu haufai, mwalimu."

"Vizuri, umegundua."

"Nimechelewa," alisema Kasi, lakini mwalimu hakuelewa amechelewa nini.

Mchana ule hakupita mbio langoni. Njia nzima alijiambia kwamba hakuna aliyejua, na kwamba akinyamaza yatapita. Lakini alipomwona mama akiandika, alisimama mbele ya meza yake.

"Mama, ile karatasi ya Mama Gundi haikutoka ofisi ya kazi."

Kalamu ikasimama. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia ndiyo."

"Nilikudanganya. Ilikuwa inachelewa kufunguka."

Mama hakumgombeza. Kasi alitamani amgombeze. Mama alizifungua kurasa zote mbili, akasoma mstari kwa mstari akifuata kwa kidole, kama mtu anayejifunza kusoma. Kisha akainuka akaenda chumba cha pili, kwa meneja. Ukuta ulikuwa wa mbao, na Kasi alisikia kila neno.

"Nani alikuletea upuuzi huu?"

"Sahihi ni yangu, bosi."

"Nimeuliza nani alikuletea."

"Na mimi nimejibu. Sahihi ni yangu."

Barua ilifutwa. Jumapili mama na binti walikwenda nyumbani kwa Mama Gundi kuomba radhi. Walimkuta ameketi kitandani, mito miwili mgongoni. Kasi alipiga magoti na kusema yote bila kuficha.

Mama Gundi alimsikiliza hadi mwisho. "Siku barua ilipofika," alisema, "wanangu walisema nimefanyiwa ukatili. Mimi nikawaambia hapana, mama yake yule mtoto ananijua, hawezi kuniandikia hivi. Nikawa nawatetea nyinyi huku barua iko mkononi." Akavuta pumzi kwa shida. "Nimewasamehe. Lakini msinitake nicheke."

Alipopata nafuu alirudi kazini, akapangiwa chumba cha kufungasha, chenye madirisha makubwa na hewa safi. Akipishana na Kasi aliitikia salamu, akaendelea na safari yake. Mama yake Kasi alipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye cheo chake. Akapelekwa chini, kwenye chumba cha kutunzia mafaili ya zamani, na kiti chake kikakaliwa na mtu mwingine. Meneja, aliyewaharakisha wote, hakuguswa.

Siku ya kuhama, Kasi alimsaidia mama kubeba maboksi. Walipofika chini, alilitua boksi lake, na kilio alichokuwa akikizuia kikamtoka.

"Nimekuharibia, mama. Ni mimi, si wewe."

Mama aliketi juu ya boksi, akamvuta karibu. "Lako ni lako na langu ni langu. Wewe ulisema uongo. Mimi nilikuwa na shaka nikaimeza, kwa sababu mkubwa alisimama mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kuuliza mara ya pili, na sikuuliza. Tumemwumiza mtu aliyekuwa mgonjwa."

Kasi alifuta uso kwa mkono wa sare yake.

"Sikiliza," mama aliendelea. "Kwenye kioo cha kompyuta tunaona maneno, watu hatuwaoni, lakini wapo. Kabla hujampa mtu habari, jua nani kaisema, lini, na anapata nini ukiiamini. Na usipojua, sema hujui. Ungeniambia 'sijui, mama, haijafunguka,' meneja angefoka, basi. Sisi tungevumilia, na Mama Gundi angeendelea kujiuguza kwa amani."

Akainuka, akajipangusa vumbi. Juu yalikuwa yamebaki maboksi saba, nao wakapanda kuyafuata.