Siku Ishirini na Sita za Arobaini na Mbili

Kila asubuhi, kabla ya chai, bibi yangu alishuka chemchemini na daftari kwapani. Katikati ya maji kulikuwa na kigingi chenye alama za sentimita. Bibi alisoma alama ambayo maji yameifikia, akaiandika pamoja na tarehe, kisha akapanda kilima akihema na kusema magoti yake yanataka kustaafu. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Mto wa mji wetu unaanzia pale, na ndoo zetu zote hujazwa pale.

Alipofariki, daftari likaja kwangu, kwa sababu alizoea kuniita Karani. Msibani sikulia. Watu walinong'ona kwamba nina moyo mgumu. Mimi sikuhisi ugumu wala ulaini.

Wiki ya kwanza nilishuka kupima. Siku ya nane niliketi kitandani, nikatazama namba ya jana, 42, nikaandika 42. Hakuna aliyeuliza. Kesho yake nikafanya vilevile, hadi zikatimia siku ishirini na sita. Nilijua ni uongo, lakini hata aibu haikuja.

Wakati huo barabara kuu mpya ilikuwa inachimbwa kilimani. Malori yalimwaga kifusi kwenye bonde la majimaji lililo juu ya chemchemi, pale mvua inapozama ardhini. Foleni ya ndoo ikawa ndefu. Mama alirudi na maji akiwa amechelewa kazini, akalalamika, nami nikamsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Jumamosi moja mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano darasani kwetu. Mhandisi wa barabara alikuja, viatu vyake vimejaa udongo.

"Mnasema maji yamepungua," alisema. "Mkinionyesha vipimo, nitahamisha kifusi. Bila vipimo, Jumatatu tunaendelea kumwaga."

"Vipimo tunavyo!" mwenyekiti alisema kwa fahari. "Daftari la marehemu halijawahi kudanganya."

Mama alilitoa mkobani. Mhandisi alifungua kurasa za mwisho, akapitisha kidole taratibu.

"Arobaini na mbili. Arobaini na mbili. Mwezi karibu mzima." Alifunga daftari. "Wazee wangu, maji hayajashuka hata kidogo."

"Hayajashuka?" fundi cherehani aliruka. "Barabara tunaitaka, wateja waje. Lakini wakifika watakunywa nini, lami?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakalitazama daftari. Nani angebishana na daftari la bibi? Mama alinigeukia. Nikaona mikono yake, imechubuka kwa mishikio ya ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kitu kikanibana kifuani.

Nilisimama. "Daftari halijadanganya. Ni mimi. Siku ishirini na sita sikushuka kupima. Nilikuwa naandika tu."

"Mungu wangu!" mtu alisema nyuma. Mwenyekiti alifunika uso kwa kofia yake.

Mhandisi hakufoka. "Haya, twende tukapime."

Tulishuka sote. Niliingia majini na viatu vyangu, nikainama mbele ya kigingi. "Ishirini na tisa," nilisema. Mhandisi akainama akahakikisha mwenyewe. Kisha akafungua kurasa za bibi, moja baada ya nyingine, za kiangazi na za masika. Katika miaka yote kumi na mmoja, maji hayakuwahi kushuka chini ya thelathini na nane.

"Malori yatasimama wiki moja," alisema. "Mtapima kila siku, mashahidi watatu wakiwepo. Na wewe, binti, usichane zile kurasa. Kata kwa mstari kila namba ya uongo, uandike ukweli kando yake."

Jioni nilikaa mezani na kalamu. Nilipiga mstari, nikaandika: sikupima. Mstari wa pili: sikupima. Nilipofika wa kumi na tisa, chozi lilidondoka kwenye karatasi, kisha jingine, nikashindwa kujizuia. Bibi hayupo. Asubuhi zote zile hakuwepo, na mimi niliogopa kushuka kule nisimkute. Mama alisogeza kiti, akanishika bega mpaka nikamaliza zote ishirini na sita.

Wiki ile kipimo hakikupita ishirini na tisa. Mhandisi alitimiza ahadi: kifusi kilichotangulia kilizolewa, kingine kikapelekwa kwenye machimbo ya zamani upande wa pili, na bonde likawekewa uzio. Barabara iliendelea. Maji nayo yalianza kupanda polepole. Mwezi uliofuata yalifika thelathini na tatu.

Asubuhi hiyo mama alishuka pamoja nami. Nilimsomea namba, akaitazama mwenyewe kwenye kigingi kabla sijaandika.

"Huniamini, Mama?"

"Nakuamini, ndiyo maana nimekuja na ndoo moja tu, siweki tena akiba," alijibu akicheka. Kisha akawa makini. "Mwanangu, mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Ulificha huzuni yako, ukaficha na ugonjwa wa maji, na mji mzima ungekauka kwa namba moja. Siku ukishindwa kupima, andika umeshindwa. Mtu akisoma hivyo atakuja kukusaidia."

Nikaandika 33. Maji yalikuwa baridi sana miguuni, nami niliyahisi.