Mama Eliza Aliniambia Nichomoe Waya

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na nina kibanda cha steshenari hapa Mpanda mjini, karibu na stendi. Natoa fotokopi, nachapa barua, najazia vijana maombi ya chuo. Wateja wananiita Mwalimu wa Kompyuta. Ndugu wasomaji, jina hilo lilinilevya!

Niwaambie kwanza tunavyofanya kazi huku. Kijana anatoka kijijini, hana simu, hana imeili. Aombeje chuo? Basi namwekea imeili yangu na namba yangu ya simu. Majibu yakitoka yanakuja kwangu, nami napiga simu kijijini. Miaka yote hiyo nilijiona nawasaidia... Kumbe nilikuwa nacheza na maisha ya watoto wa watu!

Kabula alikuwa mmoja wao. Ni binti wa mzee Masanja wa Sibwesa, mfugaji, mtu mpole asiyejua kusoma. Tangu mama yake afariki akijifungua, Kabula hakutaka kazi nyingine ila uuguzi. Mwaka wa kwanza alikosa. Mwaka huu akachaguliwa! Nilipompigia baba yake nilisikia vigelegele mpaka simu ikakatika.

Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba ataenda, mwisho Jumapili, kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye imeili yangu. Ilikuwa imefika tangu Jumatano. Nikasema nitafanya Ijumaa jioni, wateja wakipungua. Kwa nini sikufanya siku ile ile? Najiuliza mpaka leo.

Ijumaa mchana kibanda kimejaa, natafuta fomu mtandaoni, mara kioo chote kikawa chekundu! King'ora kinalia! Maandishi yanasema kompyuta imevamiwa na virusi, nisizime, nikizima nitapoteza kila kitu, nipige namba ile upesi.

Mama Eliza, fundi cherehani wa kibanda cha pili, akachungulia. "We Adela, si uchomoe tu huo waya? Makelele gani haya!"

Nikamjibu kwa dharau ashone magauni yake, mambo ya kompyuta aniachie mwenyewe. Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka!

Nikapiga ile namba. Akapokea kaka mmoja, sauti tamu, kila neno "dada yangu". Akaniambia niweke programu fulani ili aisafishe kompyuta akiwa huko huko aliko. Nikaweka. Mshale ukaanza kutembea wenyewe kwenye kioo... Wateja wanashangaa, nami najisikia mtu mkubwa! Kisha akaomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu. Jamani, nilimsomea kwa sauti, kama nasoma risala!

King'ora kikanyamaza. Nikamshukuru. Mungu wangu, nilimshukuru!

Jioni nikafungua imeili nimthibitishie Kabula. Ikagoma. Neno la siri lilikuwa limebadilishwa, kwa zile zile tarakimu nilizomsomea. Nikampigia yule kaka, na safari hii hakuniita dada. Alitaka hela ndipo anirudishie. Nikatuma. Akataka tena. Nikatuma tena, na ada ya mwanangu humo humo. Halafu akazima simu.

Jumamosi chuoni hawapokei simu. Polisi waliandika maelezo yangu, wakasema uchunguzi unahitaji muda. Muda gani, na kesho ndiyo mwisho? Fundi wa kompyuta niliyemkimbilia aliniambia kwamba kile king'ora kilikuwa ukurasa tu wa mtandao. Virusi havikuwepo. Ningezima kompyuta kingeondoka. Nilikaa chini kwenye sakafu yake, nikalia.

Jumapili nilishinda mbele ya kioo, najaribu, kinagoma, najaribu... Jumatatu chuo wakapokea simu. Nafasi alikuwa ameshapewa mtu mwingine.

Sikuwa na moyo wa kupiga simu Sibwesa. Jumanne wakaja wenyewe! Mzee Masanja kabeba kibuyu cha maziwa na jogoo, amekuja kushukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, umetufuta machozi ya kumlilia mama yake Kabula." Nikapokea jogoo. Ndiyo, nilimpokea!

Kabula alikuwa nyuma ya baba yake, ananitazama usoni.

"Dada... nimekosa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakulia. Aliyelia ni baba yake, mzee mzima, mbele ya wateja wangu. Mama Eliza alitoka kwenye cherehani yake akamshika mabega.

Nyie mnaosoma haya, nawaomba kwa machozi. Kioo kikikupigia kelele, usipige namba iliyoandikwa pale! Zima. Chomoa waya. Mtu usiyemjua asiingie kwenye kompyuta yako, na tarakimu zikiingia kwenye simu yako usimtajie yeyote, hata akuite dada mara mia. Na wewe mwenye steshenari kama mimi, mfungulie kila mtoto imeili yake, aishike mwenyewe.

Juzi Kabula alikuja na laini mpya yenye jina lake, afungue imeili yake na kujiandaa kuomba tena mwakani. Nikavuta kibodi nimjazie kama nilivyozoea. Akaniambia kwa adabu, taratibu, "Niache niandike mwenyewe, dada."

Nikampisha kiti.